Majivu Pale Gari Liliposimama

Jumapili, 12 Januari

Shajara hii ilikuwa ya kuuzwa. Imenibakia dukani pamoja na nyingine kumi na tatu kwa sababu aliyezichapa ameweka Agosti mbili na hakuweka Septemba. Wateja wa Bariadi si wajinga, walizirudisha. Mimi sihitaji kufika Septemba. Nahitaji kufika mwisho wa Aprili.

Daktari wa Mwanza amesema dripu sita, moja kila wiki ya tatu, siku ya Jumanne. Zikiisha zote bila kuruka, uvimbe utakuwa umesinyaa na atapasuliwa. Akiruka, alisema, itabidi waanze upya, na mwili wa mwanamke wa miaka sitini na sita hauna nguvu za kuanza upya. Alisema hivyo akiniangalia mimi, kwa kuwa gari ni langu.

Mgonjwa ni mama mkwe wangu. Binti yake, Sayi, alikuwa mke wangu na alifariki miaka mitatu iliyopita. Watu wanaokuja kutoa fotokopi wananiuliza, mke amekufa, ukwe wa nini tena? Nimeacha kuwajibu. Nawahesabia kurasa zao na kuwapa chenji.

Niandike na hili, kwa sababu nitalisahau likishakuwa la kawaida. Baba yangu alitoka Tabora, mimi nimezaliwa hapa mjini, Mwislamu, mtoto wa duka. Nilipokwenda kijijini kwao, Lingeka, kumposa Sayi, wazee walinieleza heshima ya mkwe: nisimshike mkono mama yake, nisile mbele yake, nisikae naye mkeka mmoja, jina lake nisilitamke. Nilikuwa mgeni kwao, nikaogopa kukosea, nikayashika yote kwa mikono miwili kuliko hata Wasukuma wenyewe. Naye akayashika vivyo hivyo kwa upande wake. Miaka ishirini na miwili tumeongea kwa kupitia mtu mwingine. Ndiyo maana hawezi kulala kwangu. Nimempangia chumba nyuma ya mashine ya kusaga, anakaa na Rhoda, mdogo wake Sayi, ambaye ni mjamzito.

Jumanne, 14 Januari

Dripu ya kwanza. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mama kiti cha nyuma, upande wa kushoto, uso dirishani. Rhoda katikati yetu kwa maneno, ingawa amekaa mbele. "Shemeji, mama anauliza kama umechoka." "Mwambie sijachoka." Hatua mbili kutoka kinywani kwangu hadi sikioni kwake, na maneno yanazungukia kwa Rhoda.

Akatapika mara moja tu, tulipofika Nyashimo, wakati wa kurudi.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua. Hakuna wateja.

Jumapili, 26 Januari

Chini ya gari langu, Noah, kwenye saruji ya uwanja wangu, nimekuta doa jekundu la ukubwa wa kisosi. Nilidhani ni juisi ya mtoto wa jirani. Nikagusa, ni mafuta.

Nkinda, fundi wa pale karibu na stendi, akaingia chini na tochi mdomoni. Anasema ni oili ya gia boksi. Gia boksi ya otomatiki inapata joto, kwa hiyo oili yake inatolewa kwa bomba hadi kwenye rejeta, inapozwa, inarudi kwa bomba la pili. Mwisho wa kila bomba kuna kipande kifupi cha mpira na klipu. Mpira mmoja umekauka, unadondosha.

"Inadondosha kidogo tu, mzee Nuru. Nakaza klipu."

Akakaza. Nina mashaka na watu wanaosema kidogo tu.

Jumanne, 4 Februari

Dripu ya pili. Barabara ya kwangu imekuwa tope tupu, gari haliingii tena. Tangu wiki iliyopita naliacha uwanjani kwa Mama, nafika kwa miguu.

Kumbuka: Mama anamwaga majivu ya jiko pale pale ninaposimamisha gari. Leo nilikanyaga, viatu vyote vikawa vyeupe, nikaingia navyo ndani ya gari. Nilimwambia Rhoda amwambie, kwa adabu, majivu yamwagwe nyuma ya nyumba. Rhoda akaenda, akarudi.

"Mama anasema samahani."

Alhamisi, 6 Februari

Oili imepungua. Kijiti cha kupimia kimeonyesha chini ya alama. Nikamfuata Nkinda, nikamfokea mbele ya watu. Akatoa ule mpira, akaweka mwingine mpya, mweusi, unang'aa. Akaongeza oili. Hakunijibu neno, ana tabia hiyo ya kunyamaza kama mtu anayekudai.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeinama chini ya gari asubuhi. Pakavu. Kuna majivu tu, yaleyale, na nilikwisha kusema. Nimeamua kuyaacha, mama wa watu anapambana na tope mlangoni kwake.

Jumanne, 25 Februari

Dripu ya tatu. Nusu ya safari imekwisha. Nywele zimetoka zote, amefunga kitambaa cha kijani alichokuwa akifunga Sayi. Nilikiona kwenye kioo cha ndani nikaondoa macho haraka, si kwa heshima safari hii.

Jumatano, 5 Machi

Tumeanza kufunga. Mvua kila mchana. Pakavu chini ya gari. Kumbe Nkinda ni fundi, nilimwonea.

Jumanne, 11 Machi

Rhoda amejifungua jana, mtoto wa kike, salama. Jambo la kheri, na nina aibu kuandika kwamba nilipopata habari wazo langu la kwanza lilikuwa: nani atakaa kati yetu wiki ijayo?

Jumatano, 19 Machi, Mwanza, kwenye benchi la nje ya wodi

Nitaandika yote. Muda ninao.

Jana tuliondoka wawili. Rhoda alitusindikiza hadi mlangoni na kichanga mikononi, akasema, "Shemeji, mama hajala, akila anatapika." Ndilo neno la mwisho lililopita kwa mtu wa katikati. Tukaondoka kimya. Mimi naangalia barabara, yeye anaangalia dirisha. Manyunyu yalikuwa yananyesha. Nilikohoa mara mbili kwa ajili ya kusikia sauti ndani ya gari.

Tulipopita Dutwa, injini ikaanza kulia juu na gari likawa halivuti. Nakanyaga mafuta, linanguruma, halisogei inavyotakiwa. Kisha harufu ya kuungua. Niliendelea kidogo, labda mita mia tatu, kwa ubishi tu. Likasimama kabisa kwenye mteremko mdogo, mashamba ya pamba kulia na kushoto, hakuna nyumba. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi.

Nilishuka, nikalala tumbo kwenye tope. Mpira wa Nkinda ulikuwa umechomoka kwenye rejeta na oili inatiririka, nyekundu, inaingia kwenye maji ya mvua. Nikampigia.

"Zima. Usiwashe tena," alisema. "Ukiwasha ikiwa kavu unaua gia boksi. Una oili?"

"Lita mbili."

"Haitoshi. Nakuja na pikipiki, naleta lita nne. Wewe anza kurudisha mpira. Mwisho wake utaukuta umelainika kama ulimi. Kata kipande cha vidole vitatu, usukume upya mpaka upite ule ukingo wa bomba, klipu ikae nyuma ya ukingo. Siyo juu yake. Nyuma. Na huwezi mtu mmoja, lazima mwingine ashike."

Nikabaki nimeshika simu. Barabara tupu. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Alishuka mwenyewe, akashika bodi ya gari, akaja mpaka mbele. Alisimama akiangalia pembeni, kama ada. Akasema:

"Baba, ni yale mekundu?"

Hajawahi kunisemesha. Ilinichukua muda kujua anayeitwa baba ni mimi.

"Ndiyo, mayu," nikamjibu, kwa neno lao la mama.

"Niliyaona."

"Uliyaona lini?"

"Kila siku. Gari yako ikilala kwangu, asubuhi kuna dimbwi. Natoka kabla hujafika, nafukia kwa majivu."

Nimefunga, nina kiu, nimelowa, na nilikasirika. Niandike hivyo hivyo. Nilimwinukia mama mkwe wangu katikati ya barabara, nikasema kwa sauti, "Kwa nini hukusema? Wiki sita! Kwa nini hukusema?"

Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yako mbali mbali, kama ya Sayi.

"Ningesemaje? Gari ya mkwe inajikojolea mlangoni kwangu, nikutangazie? Hata mtoto mkubwa akijikojolea ugenini, mwenye nyumba anafuta, ananyamaza. Ndiyo heshima hiyo. Nilikufichia aibu, baba."

Nilikuwa nimemtuma Rhoda akamkataze majivu, naye aliomba samahani.

Kisha akasema, taratibu, bila ukali wowote, na afadhali angekuwa mkali:

"Na mwaka jana nilimwomba jirani akupigie simu kutoka Lingeka. Nikasema kifua kinaniuma. Ukatuma dawa ya kikohozi."

"Nakumbuka."

"Chupa nne. Nilizimaliza zote."

"Lakini hukuwa na kikohozi, mayu."

"Sikuwa nacho."

"Sasa uliinywa ya nini?"

"Mkwe ameleta. Nitamwambiaje kwamba si kifua hicho, ni hiki?" Akaweka kiganja juu ya titi la kushoto, juu ya kanga, mbele yangu. "Neno lenyewe ningelipitishaje? Nikanywa. Nikasema Mungu atageuza."

Kutoka chupa zile hadi kwa daktari, miezi saba. Daktari alituambia siku ya kwanza kwamba tungekuja miezi saba mapema angepasua tu, dripu zisingehitajika. Nilitoka ofisini kwake nikiwalaumu watu wa kijijini kwa kuchelewa. Niliwalaumu kwa wiki nzima, kwa yeyote aliyeingia dukani. Na mimi ndiye niliyesoma maandishi ya chupa, nikachagua ile ya kikohozi kikavu.

Manyunyu yaliendelea.

Yeye ndiye aliyeniambia, "Mtu wa kushika anashika wapi?"

"Huwezi, mayu. Ni kwenye tope."

"Dripu ni leo?"

"Ni leo."

Akapiga magoti. Akatandika kitenge kwanza, kisha akaona ni ujinga, akakiweka pembeni. Nilikata ule mwisho uliolainika kwa kisu cha kukatia karatasi, ulikatika kama nyanya iliyoiva. Bomba lilikuwa linateleza oili. Mkono wangu haukupita kati ya rejeta na bampa, ule mdogo wake ukaingia. Alishika mpira kwa huko juu, mimi nikasukuma kutoka chini. Ukawa unarudi nyuma. Ikabidi niweke mkono wangu juu ya wake, nibane vidole vyake, tusukume pamoja. Mkono wa mama mkwe. Ulikuwa wa baridi, na kucha zimekuwa nyeusi kwa sababu ya dawa. Tulisukuma mpaka ukapita ukingo, tukasikia wote wawili ulivyoingia. Nikafungua klipu kwa plaizi, nikaipeleka nyuma.

"Imekaa?" akauliza.

"Imekaa."

Hakuondoa mkono mpaka nilipoondoa wangu.

Nkinda alifika saa moja na robo, amelowa mpaka ndani. Akatazama klipu kwa tochi, akamimina oili kwa faneli. Akaniambia niwashe, nipitishe gia zote polepole, nirudishe kwenye kusimama, ndipo akasoma kijiti injini ikiwa inawaka. Kisha akaomba kitambaa cheupe. Sikuwa nacho. Mama alifungua mkoba wake, akatoa pamba aliyopewa hospitali ya kukandamizia mahali pa sindano. Nkinda akaizungusha kwenye kile kiungo, akasubiri dakika kumi injini inanguruma, akaitoa, akampa yeye aiangalie, sijui kwa nini yeye na si mimi.

"Nyeupe," alisema Mama.

Tulifika Mwanza saa sita kasoro. Dawa za siku zilikuwa zimekwisha kuchanganywa, nafasi yake amepewa mwingine. Nesi aliniuliza jina la mgonjwa. Nikafungua mdomo, likakwama. Kwa aibu nikaomba kalamu nikaliandika: Monika Mabula. Nesi akasema, "Kesho saa moja na nusu, asikose." Alilala wodini kwa huruma yao. Mimi nililala ndani ya gari na kufuturu maji na ndizi.

Sasa hivi dripu ya nne inashuka. Nimechungulia. Siku moja imepotea, daktari anasema moja haidhuru.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda kwa Nkinda na maneno yangu yote tayari. Alikuwa ameshaweka mezani mipira miwili mipya.

"Hii ndiyo ya oili ya moto," alisema. "Ule niliokuwekea ulikuwa wa petroli. Oili ya moto inaulainisha. Nilijua, ila wa oili hapa Bariadi haukuwepo, na wewe ulikuwa unanifokea mbele ya watu. Nikasema utashika mpaka nipate mwingine. Nimekosea."

Nilitaka kukasirika. Nikajikuta nahesabu: mimi nilifoka, yeye akanyamaza, Mama akafukia. Sote watatu tulikuwa na adabu zetu. Alibadilisha mipira yote miwili, akamwaga oili iliyoungua, akaweka mpya. Gari linatetemeka kidogo likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Litatetemeka hivyo siku zote, anasema.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nilimpelekea pilau. Nilipogeuka kuondoka, ili ale, akasema, "Kaa." Nikakaa. Kizingitini, nikiangalia nje. Nilisikia kijiko.

Jumatano, 9 Aprili

Dripu ya tano. Rhoda alikuja na kichanga akakaa nyuma na mama yake, hakuwa na kazi. Mama aliniambia mwenyewe nipunguze mwendo, nipandishe kioo, nisimame Nyashimo. Kusema kweli anaamrisha. Sayi alikuwa hivyo hivyo, na sikuwahi kujua alikoitoa tabia hiyo.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua imekatika siku tano. Pamba imeanza kupasuka upande wa Maswa, wanasema. Damu yake imeshuka. Anapikiwa maini na mchicha.

Alhamisi, 24 Aprili

Hali mbaya jana na leo. Haamki. Nimekaa nje ya mlango wake kutwa nzima, duka limefungwa. Naogopa. Sikuogopa hivi kwa Sayi kwa sababu Sayi ilikuwa ghafla.

Jumapili, 27 Aprili

Amekula uji. Nusu kikombe, kisha kikombe.

Jumatano, 30 Aprili

Sita.

Waliichomoa sindano saa tisa na nusu alasiri. Alitoka anatembea mwenyewe, ameshika ukuta. Nilimwambia, "Pole, mayu," naye akasema, "Wabeja, baba." Ndiyo shukrani yao. Hatukusema zaidi, njia nzima hadi Bariadi, lakini haukuwa ukimya ule wa zamani.

Ijumaa, 9 Mei

Daktari amepima. Uvimbe umesinyaa zaidi ya nusu. Upasuaji tarehe 27. Nilitoka nje nikasujudu kwenye maegesho ya magari, watu wakanipisha.

Jumatatu, 19 Mei

Saa mbili asubuhi, nafungua duka, simu ikaita kwa namba ya Rhoda. Nikasema, "Shemeji?"

"Ni mimi, baba."

Nilimsikia Rhoda huko nyuma akimbembeleza mtoto. Alikuwa hapo hapo, angeweza kutumwa.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka. Sikiliza. Titi la kulia nalo lina kitu. Nimekishika sasa hivi nikioga. Kigumu, kama punje ya njugu."

Nikamuuliza, na sauti yangu ilitoka, "Upande gani wa titi, mayu?"

"Kwa chini, karibu na kwapa. Hakiumi."

"Jana hakikuwepo?"

"Jana nilioga pia. Hakikuwepo, au sikukishika. Lakini leo nimekishika, na maji hayajanikauka mwilini. Sikukaa nacho."

Nilimwambia amefanya vizuri, avae, nampigia daktari sasa hivi. Daktari amesema tusingoje tarehe 27, aje kesho. Nilipokata simu nilikaa chini sakafuni, katikati ya maboksi ya karatasi, nikalia kwa nguvu, na kwa muda mrefu sikujua nalilia kile alichokiona au nalilia kwamba ameniambia.